Helikopta ndogo: Hatari huanza kabla ya kupaa

MNAMO Juni 10, 2008, ndege ndogo aina ya Cessna 210 iliondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ikielekea Kericho. Haikufika. Ilianguka katika Wilaya ya Narok, na watu wote wanne waliokuwa ndani wakaangamia. Miongoni mwao walikuwa Waziri wa Barabara na mbunge wa Bomet, Kipkalya Kones, na Waziri Msaidizi wa Mambo ya Ndani aliyekuwa mbunge wa Sotik, Lorna Laboso. Walikuwa safarini kuelekea uchaguzi mdogo wa Ainamoi, ambao ulifanyika siku iliyofuata.

Miaka minne baadaye, tarehe iyo hiyo ya Juni 10, helikopta ya polisi aina ya AS350 ilianguka katika msitu wa Kibiku, Ngong, dakika chache baada ya kupaa kutoka Wilson. Watu sita walifariki, wakiwemo Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti, na msaidizi wake, Orwa Ojode.

Mikasa hiyo miwili ilikuwa ya vyombo tofauti na mazingira tofauti. Hata hivyo, wananchi waliipokea kwa namna moja. Kabla ya wachunguzi kukusanya mabaki, minong'ono ilikuwa imekwisha kuenea kwamba kulikuwa na mkono wa mtu. Hali ilikuwa vivyo hivyo Aprili 2024, pale Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wanajeshi wengine tisa walipokufa katika ajali ya helikopta katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet.

Ni haki ya mwananchi kuuliza. Lakini maswali ya nani aliyepanga njama yamefunika swali jingine lililo zito zaidi, hasa kwa wakazi wa nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambao huona helikopta zikitua katika viwanja vya shule kila msimu wa siasa. Swali lenyewe ni hili: chombo chepesi kilichobeba watu kupita kiasi cha mwinuko, chini ya rubani ambaye uzoefu wake bado ni mdogo, kina nafasi gani ya kuepuka ajali mambo yakienda mrama angani?

Jibu linaanzia katika helikopta zenyewe, hasa zile za kujifunzia. Inayojulikana zaidi duniani ni Robinson R22 ya viti viwili, iliyobuniwa na mhandisi Mmarekani Frank Robinson na kuidhinishwa mwaka 1979. Robinson hakuikusudia kuwa darasa la wanagenzi. Aliibuni iwe chombo cha bei nafuu cha usafiri wa mtu binafsi. Lakini unafuu huo ndio uliozivutia shule za urubani, na muda si muda wanafunzi wengi ulimwenguni wakawa wanajifunza kwa chombo ambacho hakikuundwa kwa ajili yao. Dada yake mkubwa, R44 yenye viti vinne, hutumika kufunzia na pia kubebea abiria.

Wepesi wa helikopta hizi ndio sifa yao, na ndio udhaifu wao. Rafadha kuu ya R22 ina mapanga mawili mepesi. Injini ikizima, mapanga hayo hupoteza kasi upesi mno. Rubani ana muda wa sekunde moja hivi, au zaidi kidogo, kushusha wenzo wa kuinulia ili upepo unaotoka chini uendelee kuyazungusha. Akichelewa, mapanga hupungua kasi hadi yasiweze tena kubeba uzito, na hapo hakuna mbinu ya kuyafufua.

Hatari ya pili hutokana na jinsi mapanga hayo mawili yalivyoshikizwa, yakipanda na kushuka pamoja kama mbao za pembea. Rubani akisukuma mpini mbele kwa ghafla, au akikumbwa na msukosuko mkali wa hewa, chombo huweza kuwa kama kisicho na uzito kwa muda mfupi. Kikianza kulala upande, mwanagenzi hukimbilia kukirekebisha kwa mpini, na kosa hilo la kawaida ndilo linaloweza kufanya kitovu cha rafadha kigonge mhimili wake na kuuvunja. Mara nyingine panga hukata mkia au chumba cha rubani. Ajali ya namna hiyo haimwachi mtu hai wa kusimulia, na ndiyo sababu huzaa uvumi kwa urahisi.

Marekani ililitambua tatizo hilo mapema. Mwaka 1995 idara yake ya usafiri wa anga ilitoa kanuni maalumu kwa R22 na R44 pekee. Miongoni mwa masharti yake, mwanafunzi asiruhusiwe kuirusha R22 peke yake kabla ya kupata mafunzo ya angalau saa 20 akiwa na mwalimu ndani ya helikopta ya aina hiyo. Mwaka uliofuata, bodi ya uchunguzi wa ajali ya nchi hiyo ilichapisha utafiti mahsusi kuhusu ajali za R22 ambapo rafadha kuu ilishindwa kudhibitiwa. Nchini New Zealand, ambako milima na pepo kali ni jambo la kila siku, tume ya uchunguzi iliiweka hatari hiyo katika orodha yake ya mambo ya kuangaliwa sana mwaka 2016.

Hatari ya tatu haina kishindo, nayo inahusu nchi ya chai moja kwa moja. Injini za R22, na baadhi ya zile za R44, hutumia kabureta. Hewa inapopita humo hupoa kwa nyuzi nyingi, hata 20 au zaidi, na unyevu wake huweza kuganda na kuziba njia ya hewa ingawa nje hakuna baridi ya kugandisha maji. Mazingira yanayochochea hali hiyo ni hewa ya ubaridi wa wastani iliyojaa unyevu. Hayo ndiyo mazingira yanayoufanya mchai ustawi. Asubuhi yenye ukungu inayomfurahisha mkulima ndiyo asubuhi ambayo rubani hana budi kukumbuka kufungua hewa ya moto inayoingia katika kabureta.

Kisha kuna suala la mwinuko. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mashamba mengi yako juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likipanda huwa nyepesi zaidi. Kwa hesabu ya kawaida ya marubani, siku ambayo joto la Kericho limefika nyuzi 25, helikopta iliyo mita 2,000 hufanya kazi kana kwamba iko karibu mita 2,800. Mapanga hupata hewa haba ya kushika, na injini hupata hewa haba ya kuchoma mafuta. Watengenezaji huacha akiba ya nguvu ndani ya injini kwa ajili hiyo, lakini mwinuko ndio unaoila akiba hiyo. Chombo kilichopaa bila taabu Mombasa kikiwa na watu wanne kinaweza kushindwa kuelea juu ya uwanja wa mpira huko Bomet kikiwa na watu wale wale.

Hali ya anga nayo ina ratiba yake. Alasiri, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki juu ya nyanda hizi, na mawingu ya radi hujengeka kwa haraka. Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, hata kampuni za chai zikawahi katika miaka ya 1960 kugharamia majaribio ya kuizuia kwa roketi na ndege. Anayetoka Nairobi kwenda huko hulazimika kuvuka Bonde la Ufa na kupita juu ya Mau, ambayo kilele chake hukaribia mita 3,000. Wingu likikaa juu ya mgongo huo, rubani anayeongozwa na macho yake hubaki na njia mbili tu: kurudi, au kujipenyeza kati ya wingu na mlima. Njia ya pili imeua watu wengi duniani, waliobobea na wanagenzi.

Hata anapofika, hatari haijaisha. Mashamba yamezungukwa na mikaratusi mirefu inayopandwa kuwa kuni za viwanda vya chai, na nyaya za umeme hukatiza mabonde zikielekea viwandani. Waya ni vigumu kuonekana kutoka angani. Kiwanja cha shule chenye miti pande zote humlazimu rubani kushuka na kupaa wima, jambo linalodai nguvu nyingi kuliko mtindo mwingine wowote wa kuruka. Umati wa watu ukikimbilia helikopta kabla mapanga hayajasimama, tatizo la rubani hugeuka kuwa tatizo la kijiji kizima.

Katika yote hayo, jambo moja linajitokeza. Kasoro ya mtambo inaweza kutokea wakati wowote, lakini hatari nyingi zilizotajwa hapa hujulikana kabla injini haijawashwa. Uzito unaweza kupimwa. Joto na mwinuko vinaweza kupigiwa hesabu. Saa ya mvua inatabirika. Mahali pa kutua panaweza kukaguliwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mwenye uthabiti wa kusema safari haipo.

Na hapo ndipo uchanga wa rubani unapokuwa jambo la maisha na kifo. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya rubani binafsi wa helikopta hupatikana baada ya saa 40 za kuruka, na ile ya biashara baada ya saa 150, au 100 kwa aliyepitia mafunzo maalumu yaliyoidhinishwa. Saa hizo zinatosha kumfundisha mtu kuendesha chombo. Hazitoshi kumpa ujasiri wa kumwambia mheshimiwa anayesubiriwa na mikutano mitatu kwamba msaidizi wake mmoja abaki chini, au kwamba saa tisa alasiri si saa ya kuvuka Mau.

Mafunzo yenyewe hufanyika katika anga yenye msongamano. Machi 5, 2024, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria ya Safarilink juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, muda mfupi baada ya ndege hiyo ya abiria kuondoka Wilson. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki. Ile ya abiria ilirejea salama. Mkasa huo haukuhusu helikopta, lakini ulionyesha kwamba wanagenzi na abiria hutumia anga moja.

Serikali ina vyombo vya kushughulikia mambo haya. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini, KCAA, husimamia leseni na shule za urubani. Idara ya uchunguzi wa ajali za ndege katika wizara ya uchukuzi ndiyo hutafuta chanzo. Utaratibu wa ICAO unataka ripoti ya mwisho itolewe ndani ya miezi 12 ikiwezekana, na ikishindikana, taarifa ya maendeleo itolewe kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ajali. Lengo la uchunguzi huo, kwa mujibu wa utaratibu huo huo, ni kuzuia ajali nyingine. Si kumtafuta wa kulaumiwa.

Ripoti inayokaa kabatini haizuii ajali. Ajali ya kiongozi huundiwa tume, kama ile ya Jaji Kalpana Rawal baada ya kifo cha Saitoti. Ajali ya mwanagenzi asiyejulikana ina mafunzo sawa na hiyo, na pengine mengi zaidi, kwa sababu chombo chake ndicho wengine watakachojifunzia kesho. Zote zinastahili kuchapishwa kwa lugha ambayo mwalimu wa shule yenye uwanja wa kutulia anaweza kuisoma.

Ng'ambo, uwazi wa namna hiyo umezaa matunda. Uchunguzi ulipoonyesha kwamba R44 zilikuwa zikiwaka moto baada ya ajali ambazo watu wangeweza kunusurika, mtengenezaji alitoa agizo mwaka 2010 la kubadilisha matangi ya mafuta ya helikopta za zamani kwa mengine yasiyopasuka upesi. Australia ikalifanya jambo hilo kuwa la lazima mwaka 2013.

Bomet na Sotik zilifanya chaguzi ndogo Septemba 2008 kujaza viti vya Kones na Laboso. Beatrice Kones, mjane wa waziri, na Joyce Laboso, dada wa marehemu Lorna, ndio walioshinda. Viti vilipata wenyewe katika muda usiofika miezi minne. Kupunguza ajali kunadai kazi ya polepole zaidi, na sehemu yake iko mikononi mwa wanaokodi na wanaokaribisha helikopta. Kamati ya mazishi au ya harambee inayotayarisha mahali pa kutua inaweza kuuliza nyaya ziko wapi, nani atazuia umati, na rubani ataondoka saa ngapi kabla ya mvua. Abiria anaweza kuuliza kama uzito wake na wa mizigo yake umepimwa. Na rubani akijibu kwamba leo haiwezekani, mwenye safari ana wajibu wa kulikubali neno hilo na kuagiza gari.