*TAMKO LA TAWI: TUSIMFUNGE MDOMO SHAHIDI*



Huku Uluguru, mke akipigwa, mara nyingi wajomba na wazee wa ukoo hutaka yaishe nyumbani. Kesi ikifika mahakamani anaambiwa: "Kataa kutoa ushahidi, ni mumeo, sheria inakuruhusu."

*Si kweli.*

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema mke au mume halazimishwi kuwa shahidi wa mashtaka dhidi ya mwenzake, na mahakama lazima imweleze hivyo. Lakini mshtakiwa akidaiwa kumdhuru mwenzi huyo au watoto wao, kinga hiyo haipo. Anaweza kuitwa na kulazimishwa. Vinginevyo mpigaji angefuta kesi kwa vitisho tu.

Hata hivyo, kusema mbele ya hakimu kisha kurudi kulala nyumba ileile si jambo jepesi. Anayesita huenda anaogopa, au hajui watoto watakula nini mume akifungwa. Kwa hiyo tawi linaagiza:

1. Balozi au kiongozi yeyote asimshinikize mke afute kesi.
2. Jirani aliyeona au kusikia naye akatoe ushahidi. Mzigo usiwe wa mke peke yake.
3. Aliyeumizwa asindikizwe mapema Dawati la Jinsia na Watoto, apate PF3 na matibabu.

Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume wala mke kumpiga mwenzake. Nasi tusimruhusu.

_Katibu Mwenezi wa Tawi_