Nyumba ya aliyekimbia haiuzwi kwa rangi mpya

Kuna kazi mpya imeingia katika miji yetu midogo ya Masisi na Walikale: kupendezesha nyumba ya mtu ambaye hayupo. Mlango uliovunjwa unawekewa kufuli mpya. Majani yaliyoota uani yanafyekwa, mbao zinapigwa rangi, matundu ya risasi kwenye bati yanazibwa. Kisha komisioneri anamleta mnunuzi na kumwambia: « Angalia baba, nyumba safi, haina matata. »

Matata iko. Mwenye nyumba yuko hai, amelala kwenye sakafu ya kanisa au chumba cha shule, na watoto wake bado wanasema « kwetu » wakiitaja nyumba hiyo.

Tuelewane. Kutengeneza nyumba kabla ya kuiuza si kosa. Mtu anayeuza nyumba yake anaziba bati inayovuja, anachimba mtaro wa maji ya mvua, anasafisha choo, anafagia uwanja, ili mnunuzi aone thamani yake. Hiyo ni haki yake. Swali langu ni moja tu: aliyeshika burashi ya rangi ni nani?

Mwanzoni mwa Januari 2025 vita vilifika Masisi-centre, kisha Sake, na mwishoni mwa mwezi huo Goma. Februari, kambi za kando ya Goma kama Bulengo na Lushagala zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Machi 19 mji wa Walikale-centre nao ukachukuliwa, na wapiganaji wakauacha mwanzoni mwa Aprili. Katika mbio hizo familia nyingi zilibeba godoro, sufuria na mtoto mgongoni. Karatasi za kiwanja zilibaki chini ya kitanda, au ziliungua. Anayeuza nyumba za watu anajua jambo hilo vizuri kuliko sisi.

Wazee wetu walishayaona haya. Baada ya vita vya 1993, vilivyoanzia Ntoto huko Walikale na kuingia Masisi, watu walirudi na kukuta wengine wamekaa katika mashamba yao, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Kesi za namna hiyo zimelisha chuki ya miaka mingi. Leo tunapanda mbegu ileile, halafu kesho tutasema ni mambo ya kabila. Hapana. Mwizi wa nyumba hachagui kabila. Anachagua nyumba isiyo na mtu.

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na sertifika ya usajili. Vijijini kwetu wengi hawana sertifika. Wana karatasi ya mauzo, barua ya shefu na ushahidi wa majirani. Sasa sikilizeni hatari ilipo: anayenunua kwa hila akifaulu kupata sertifika, na miaka 2 ikapita bila mtu kulalamika, kumtoa mahakamani ni kazi ngumu sana. Kimya chako, ndugu uliyekimbia, ndicho kinachomsaidia. Sheria ya jamaa nayo inataka mume na mke wote wawili wakubali kabla nyumba yao haijauzwa. Kwa hiyo hata baba aliyebaki kijijini peke yake hawezi kuuza huku mama yuko kambini hajui lolote.

Najua majibu yao. Wanasema nyumba ikikaa tupu inaoza, afadhali iuzwe. Kama unaihurumia nyumba, weka mtu wa kuilinda, muandikiane mbele ya mashahidi kwamba yeye ni mlinzi tu. Wanasema pia: « Mwenyewe ameniruhusu kwa simu. » Basi mnunuzi ampigie huyo mwenyewe, majirani waitambue sauti yake, na barua ya ruhusa yenye sahihi yake ionekane. Asipopatikana, hakuna mauzo.

Kwako mnunuzi: bei ya kutupa katika kijiji kilichokimbiwa iwe onyo kwako. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba inayotembezwa haraka, kwa dola taslimu, na muuzaji hataki uongee na jirani, usiiguse. Uliza nani alijenga, nani alipanda mikaratusi ya mpaka, mke wake yuko wapi. Ukinunua machozi ya watu, utailinda nyumba hiyo usiku na mchana, na mwishowe wewe ndiye utakayepoteza pesa, kwa sababu komisioneri atakuwa ameshahama.

Kwenu mashefu wa vijiji na nyumbakumi: hakuna nyumba ya wizi inayouzwa bila sahihi ya mtu anayeheshimiwa. Sahihi hiyo ni yenu. Mnajua nani alizaliwa wapi na nani alizikwa wapi. Zawadi ya mbuzi au kreti ya bia itaisha jioni. Jina lenu litabaki kwenye karatasi hiyo mpaka wajukuu wenu waisome.

Na wewe uliyekimbia, sikulaumu ukiuza kwa sababu mtoto anaumwa na hospitali inadai. Lakini usiuze kwa mtu wa kwanza anayekuja na pesa kidogo na haraka nyingi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika leo, hata kwenye kikaratasi cha daftari la mtoto: kijiji, urefu na upana wa kiwanja, majirani wa pande nne, mwaka ulionunua au kurithi, nani alishuhudia. Piga picha kwa simu ya yeyote. Mpe nakala mtu unayemwamini aliye mahali pengine. Ukisikia nyumba yako inapigwa rangi, peleka malalamiko kwa maandishi kwa shefu na ofisi ya ardhi, na ubaki na nakala yenye tarehe.

Siku utakapoamua mwenyewe kuuza, hizo karatasi ndizo zitakazoipandisha bei nyumba yako kuliko rangi yoyote. Na siku utakapoamua kurudi, zitakuwa ufunguo wako.