LUGHA YA ASKARI NA SIKIO LA RAIA

Ni jambo lisilofichika kwamba hapa kwetu Uganda wako wananchi wengi ambao, wasikiapo Kiswahili kikitamkwa gizani, kwanza huutafuta mlango wa nyuma. Hawakimbii kwa kuwa hawaielewi lugha hiyo. Wengi wao waielewa kuliko wanavyokiri. Hukimbia kwa sababu kwa miaka mingi Kiswahili kiliwafikia kikiwa kimevaa buti, na maneno ya kwanza waliyoyasikia yalikuwa "simama", "lala chini" na "toa pesa". Ukurasa huu husomwa zaidi na askari wa jeshi na wa polisi, watu ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kazi kila siku. Kwa hiyo yafaa tuyazungumze mambo haya baina yetu wenyewe, pasipo kuoneana haya.

Chanzo chake ni cha mbali. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua askari Wanubi waliokuwa wa Emin Pasha, akawatumia kuisimamisha bendera ya Waingereza katika nchi hii. Mwaka 1902 kikaundwa kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya. Humo waliingizwa vijana wa makabila mbalimbali, na maofisa wao walikuwa Waingereza ambao hawakuwa na haja ya kuzungumza na askari mambo marefu. Ilitakiwa lugha ya kupigia gwaride, kugawia zamu na kutolea adhabu. Basi Kiswahili kilichopandishwa kutoka pwani kilinyofolewa njiani. Amri zilifika zote. Adabu ikabaki Mombasa. Askari wa Keya alijifunza "kuja hapa" badala ya "njoo", na "wewe nani?" badala ya "habari zako, mzee?" Maneno kama hodi, tafadhali, samahani, shikamoo na pole, ambayo huko pwani mtoto huyajua kabla ya kujua kuhesabu, hayakuonekana kuwa na kazi katika kambi. Mkoloni ameondoka tangu mwaka 1962, lakini ile "kuja hapa" yake ingali inasikika kila penye kizuizi cha barabarani.

Mwaka 1927 Gavana Gowers alipopendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika shule na utawala, Kabaka Daudi Chwa alipinga vikali. Baadhi ya sababu zake zilikuwa za fahari ya Luganda, na wengi wakati huo walihofia pia kwamba lugha moja ingekuwa daraja la kuiunganisha Uganda na Kenya ya masetla. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Jambo la kusikitisha ni kwamba mjadala ule ulikwisha, shule zikashika njia nyingine, na Kiswahili kikabaki mikononi mwa askari peke yake. Lugha ikikosa mwalimu, na ikawa na sajenti tu, haiwezi kuwa na sauti nyingine ila ile ya sajenti.

Kisha ukaja utawala wa Idi Amin. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, na pengine ingekuwa heri kubwa kama tangazo hilo lingetolewa na serikali ambayo watu hawakuiogopa. Katika miaka ile mwananchi aliyesikia Kiswahili mlangoni kwake usiku hakufikiria umoja wa Afrika. Alifikiria buti ya gari.

Na hapa pana jambo linalostahili kufikiriwa sana na kila askari. Mwezi Aprili 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala, watu wa mji walitoka mabarabarani kuwashangilia. Wageni hao walizungumza Kiswahili tupu. Waliitana "ndugu", wakauliza njia kwa kusema "tafadhali, mzee", na watu wa Kampala, ambao mioyo yao ilikuwa imeigomea lugha hiyo kwa miaka minane, wakaokota neno moja la Kiswahili, wakalivika kiambishi cha Kiganda na kuwaita wenye bunduki hao bakombozi. Hatusemi kwamba kila mmoja wao alikuwa malaika. Vita haviwafanyi watu kuwa malaika. Lakini neno hilo halikulazimishwa na mtu yeyote wala halikutangazwa redioni. Lilitolewa na wananchi kwa hiari yao.

Haikupita miaka mitatu, wananchi wale wale wakapata neno jingine la Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vitongoji vya Kampala vilikuwa vikizingirwa alfajiri, watu wakatolewa majumbani, wakapangwa mstari, kisha ikasikika amri ya maneno mawili: panda gari. Waliopanda malori hayo wengine hawakurudi. Hadi leo, aliyeishi katika mji huu enzi hizo ukimtajia maneno hayo mawili hahitaji kuelezwa zaidi. Hebu tuyapime: bakombozi na panda gari. Lugha ni ile ile, mji ni ule ule, masikio ni yale yale. Kilichobadilika ni askari aliyekuwa akisema.

Wapo watakaosema kwamba adabu ya maneno ni jambo la kina mama na walimu wa shule za msingi, na kwamba mwenye silaha kazi yake ni usalama. Mawazo ya namna hiyo yatoka katika ile Keya tuliyoitaja. Hayatoki kwa babu zetu. Katika mila zetu salamu ni kazi kamili. Muganda humwambia mwenzake "gyebale", yaani humshukuru kwa kazi aliyoifanya, hata kama hajui ni kazi gani. Msichana hupiga magoti kumsalimu aliye mkubwa wake. Katika Bunyoro na Tooro kila mtu hupewa empaako, jina la heshima na mapenzi lichaguliwalo katika majina 12 yanayotumiwa na wote, kama vile Abwoli, Atwoki, Amooti, Akiiki na Adyeri, na kumsalimu mtu pasipo kulitaja ni kama kumpita bila kumwona. Desturi hiyo iliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa upesi. Ajabu ni kwamba kijana aliyelelewa ndani ya desturi hizi, ambaye nyumbani kwao hathubutu kumwita mjomba wake kwa jina, akikabidhiwa bunduki na kofia huweza kumwambia mzee wa miaka sabini, "Wewe, kuja!" Hilo hakulirithi kwa ukoo wake. Amelivaa pamoja na sare.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kumwona koplo mmoja katika barabara ya Fort Portal akikagua magari. Kila alipomfikia mzee wa huko alimwuliza kwanza empaako yake, akamsalimu kwayo, ndipo akaomba kitambulisho. Koplo huyo hakuwa Mtooro. Alikuwa mtu wa kaskazini, na matamshi yake yaliwachekesha abiria. Ukaguzi wake haukuchelewa hata kidogo. Tena, mzee mmoja alipokwisha kukaguliwa alirudi hatua mbili, akamnong'oneza jambo kuhusu gari lililokuwa limeegeshwa nyuma ya mlima. Hatujui jambo hilo lilifikia wapi, lakini tunajua kwamba asingelinong'ona kwa mtu aliyemwita "wewe".

Tuje sasa kwenye neno hodi. Mwafrika haingii katika nyumba ya mtu bila kubisha, hata kama mlango uko wazi, na kila lugha yetu ina namna yake ya kufanya hivyo. Polisi anapokwenda kupekua nyumba kwa mujibu wa sheria anayo haki ya kuingia. Lakini akibisha hodi, akajitaja jina na cheo, akaeleza sababu ya kuja kwake, haki hiyo haipungui hata punje. Mwenye nyumba ataona kwamba ni dola imekuja kwake. Akirusha mlango kwa teke na kumtukana mama mbele ya watoto wake, watoto hao watakua wakiamini kwamba aliyekuja usiku ule alikuwa mwizi mwenye kibali. Na tukumbuke kuwa wezi wengi wa mji huu nao hupiga kelele kwa Kiswahili wanapovamia, kwa kuwa wanajua kinavyoogopesha. Askari asiyetofautiana na jambazi hata kwa sauti ataitofautishaje sare yake gizani?

Kanuni za mwenendo zilizowekwa na National Resistance Army tangu msituni, na kuingizwa katika sheria mwaka 1986, zilikataza askari kumtukana raia, kumfokea au kumpiga. Zilikwenda mbali zaidi zikataja hata ndizi mbivu na muwa, kwamba visichukuliwe bila kulipiwa kwa kisingizio kwamba ni vitu vidogo. Walioziandika walikuwa wakiishi kwa chakula cha wanakijiji na walijua kwamba vita hupotea kwa muwa mmoja. Angalieni vilevile kwamba kufokea kumewekwa katika mstari mmoja na kupiga. Katiba ya mwaka 1995 nayo, katika kifungu cha 24, inakataza kumtendea mtu yeyote kwa namna ya kumdhalilisha, na sheria ya mwaka 2012 dhidi ya utesaji imemwondolea askari kinga ya kusema, "Niliamriwa na mkubwa wangu."

Pamoja na hayo yote, mwezi Machi 2020, wakati wa hatua za kuzuia ugonjwa wa korona, wanawake wachuuzi walicharazwa fimbo katikati ya Kampala na watu waliovaa sare, na uongozi wa jeshi ukalazimika kuomba radhi hadharani. Kuomba radhi huko kulikuwa kwa haki. Lakini waliotazama picha zile waliona kwamba fimbo haikutangulia. Lilitangulia neno, na mtu akishaitwa mnyama ni rahisi kumpiga kama mnyama.

Inasemwa kwamba mhalifu haombwi "tafadhali". Kweli, aliyeshika silaha apewe amri, tena fupi. Lakini katika watu mia wanaopita kizuizini, wahalifu ni wangapi? Haiwezekani watu tisini na tisa waishi chini ya lugha iliyotungwa kwa ajili ya mmoja. Twatambua pia kwamba askari aliyesimama mvuani tangu saa kumi na mbili jioni, ambaye mbadala wake amechelewa na mshahara wake wasubiriwa na karo za watoto, hana kicheko kingi cha kugawa. Hilo ni la makamanda na wizara kulitazama, nasi hatutaacha kulisema. Hata hivyo mchuuzi aliyepita hapo naye alinyeshewa na mvua ile ile.

Jambo hili halingoji. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mtoto anayefundishwa leo kusema "shikamoo" na "naomba" atakutana kesho na konstebo, na atajua papo hapo ni nani kati yao aliyesoma.

Wenzetu waliokwenda mashariki ya Kongo tangu Novemba 2021 katika Operesheni Shujaa wameonja jambo hili kwa namna yao. Huko Beni na Bunia Kiswahili ni lugha ya soko na ya kanisa. Bibi humbembeleza mjukuu wake kwacho. Lugha iliyoogopwa huko kwa miaka mingi ni Lingala, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa lugha ya jeshi tangu enzi ya Wabelgiji hadi Mobutu, ilhali mjini Kinshasa Lingala hiyo hiyo ni lugha ya nyimbo na ya mapenzi. Askari wetu aliyezoea kukitumia Kiswahili kama kiboko amekuta kina mama wanakitumia kama kikapu, na wengine, twaambiwa, wamerudi wakisema "aksanti" hata kwa wapishi wa kambi.

Yanayotakiwa hayahitaji bajeti. Sajenti anapopanga zamu ya kizuizi huwakagua askari wake silaha, risasi na viatu. Awakague na maneno pia: atamsalimuje mzee, atamwitaje mwanamke mjamzito, atasema nini kabla ya kufungua mzigo wa mtu. Katika shule za polisi na za kadeti, somo la Kiswahili lisiishie kwenye maneno ya gwaride. Waletwe walimu wenye kukijua kwa adabu zake, na mwanafunzi atahiniwe kwa kubisha hodi kama anavyotahiniwa kwa kufungua na kufunga bunduki. Na platuni inayohamia wilaya mpya ijifunze salamu za wenyeji katika juma la kwanza, kabla haijachora ramani ya njia za doria.