Kujitolea Si Jina Lake

Mwaka jana nililetewa kijitabu cha wafanyakazi wa hoteli moja iliyoko mwambao wa mashariki ya Unguja, nikifasiri kutoka Kiingereza. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: namna ya kuvaa sare, namna ya kumwamkia mgeni, adhabu ya mwenye kuchelewa. Katikati yake palikuwa na sentensi isemayo kwamba mfanyakazi atatarajiwa kubaki baada ya zamu yake pindi wageni wakiwa wengi, na kwamba muda huo hautahesabiwa katika ujira. Nikaandika kama nilivyokuta: saa za ziada zisizolipwa. Baada ya siku tatu karatasi zikarudi, maneno yangu yamekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake pameandikwa neno moja: kujitolea.

Nataka kuligombania neno hilo, kwa kuwa mengine sina uwezo nayo. Mimi si mwanasheria wala si kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Skuli niliiacha mapema, na lugha nimejifunza kwa kusoma vitabu vya kuazima. Lakini hata mtoto wa chuoni anajua kazi ya ile "ji" iliyokaa ndani ya kitenzi. Aliyejipaka amepaka mwili wake kwa mkono wake. Aliyejitolea amejitoa mwenyewe, kwa hiari yake, na angeweza kukataa bila ya kudhurika. Mtu anayebaki kazini kwa kuwa akiondoka kesho hataitwa tena, huyo hakujitolea. Ametolewa. Kiswahili kina kauli ya kutendwa kwa ajili ya mambo kama haya, na anayekwepa kuitumia anajua anachokificha.

Nimelipeleka suala hili barazani nikajibiwa kwa maneno ambayo nimeyasikia kwa miaka thelathini. Kwamba kuhesabu saa ni tabia ya wageni. Kwamba sisi watu wa visiwani ni watu wa ukarimu, na wazee wetu hawakufanya kazi kwa kutazama ukuta. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza: "Mwanangu, ukenda kupika kwenye arusi ya jirani unaandika saa uliyoingia?"

Siandiki, mzee wangu. Siandiki kwa sababu arusi ya kwangu ikifika jirani atakuja kuosha masufuria, na msiba ukinifika atakuja kuchimba. Hesabu ipo, ila imeandikwa katika vifua vya watu na inalipwa kwa zamu. Nioneshe mwenye hoteli aliyekuja kuosha masufuria ya arusi ya mpishi wake, nami nitaifunga kalamu yangu. Na huyo anayetuambia tusihesabu, mbona yeye anahesabu? Kijitabu kile kile kinasema kwamba anayechelewa robo saa atakatwa. Saa ya ukutani inaona vizuri asubuhi, halafu jioni inapofuka.

Niseme na langu. Mwaka 1996 nilikuwa mosha vyombo katika hoteli ambayo sitaitaja. Zamu yetu ilianza saa moja asubuhi na kumalizika saa kumi jioni. Ikifika saa kumi msimamizi alituita mmoja mmoja kwenye daftari la mahudhurio, tukatia saini ya kuondoka, kisha tukarudi jikoni. Tulimaliza saa mbili za usiku, mara nyingine saa tatu, gari ya mwisho ya kwenda mjini imeshapita, tukalala juu ya magunia ya mchele. Sikulipwa saa zile, na hilo nimeshalisamehe. Sikuweza kusamehe saini. Kila siku, kwa mkono wangu huu ninaoandikia mashairi, niliandika kwamba nimeondoka, hali nimesimama pale pale na sabuni imenijaa hadi viwikoni. Lau ningekwenda kushitaki, shahidi wa kwanza dhidi yangu angekuwa mimi.

Tusiseme basi kwamba jambo hili ni geni kwetu. Neno kibarua ni barua ndogo, na katika Unguja ya karne ya 19 vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa kwa kazi ya siku, ambao jioni walirudi kumgaia bwana sehemu ya ujira wao. Huko ng'ambo, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa ukoloni, mtu alipewa kipande cha siku thelathini, na siku haikutiwa alama mpaka amalize kazi aliyopimiwa. Asiyemaliza aliipoteza siku nzima, jua na jasho vikabaki bila ya maandishi. Na mwaka 1948 hamali wa bandari ya Unguja walipogoma kwa ajili ya ujira, mgomo ukaenea mjini kote, hawakuwa wageni wale. Walikuwa babu zetu, nao walikuwa wakihesabu.

Sheria zipo. Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka saa za ziada ziwe kwa makubaliano, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa saa. Zanzibar, kwa kuwa mambo ya kazi si ya Muungano, tuna Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2005. Lakini sheria husoma kilichoandikwa, na daftari limesema mtu ameondoka saa kumi. Wala tusidhani wakubwa wa dunia wametuzidi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote tisa kwa sauti moja, kwamba wafanyakazi wa maghala ya Amazon hawakustahiki malipo kwa muda waliopanga foleni kupekuliwa kabla ya kutoka. Walidai ilikuwa kiasi cha dakika 25 kila siku. Nilipoisoma habari ile niliwakumbuka vijana wetu wanaopanga mstari kwenye geti la nyuma, mifuko wazi, wakisubiri mlinzi aridhike kwamba hawakuiba kijiko.

Sasa niwageukie washairi wenzangu, maana nao wamo. Tumeandika tenzi ngapi za kumsifu mchapakazi asiyechoka, tukamlaumu mvivu anayechungulia saa? Na sisi ndio tunaohesabu kuliko watu wote. Mshororo wa mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao. Mtu akizidisha silabi moja tunamrudishia shairi lake na kumwambia ni guni. Hatumwambii ajitolee mizani ya tisa. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulitaka siku ya kazi viwandani iwe ya saa nane, na mimi kila nikiifikiria nane ile naisikia kama kipande cha mshororo. Tunaichunga silabi isiumizwe, tukatoka barazani tukampita kijana anayelala juu ya magunia.

Kijitabu nilikirudisha na maneno yangu yakiwa vile vile, na nusu ya fedha waliyonitangulizia nikaitia ndani ya bahasha. Hawakuniita tena. Nimesikia wamepata mfasiri mwengine, kijana hodari wa lugha, na kwamba kimeshachapishwa.