Simu ya Mlango Haisemi Lugha ya Zamu

Katika nyumba za Golf na ofisi za katikati ya mji wa Lubumbashi, kengele ya lango imeanza kuondoka. Mahali pake panafungwa simu ya mlango: kisanduku chenye kamera, kipaza sauti na kitufe, kilichounganishwa na mtandao wa nyumba. Mgeni akibonyeza, mwenye nyumba anamwona kwenye telefone yake hata akiwa Kolwezi au Johannesburg. Anaongea naye na, akitaka, anafungua lango kwa kugusa kioo. Wauzaji wanaviita vifaa hivi usalama. Mimi nasema usalama huo una tundu ambalo fundi wa umeme halioni, kwa sababu si la umeme. Ni tundu la lugha, na kuliziba ni kazi ya watu wa kitivo hiki.

Tuanze na kifaa chenyewe. Simu ya mlango ni kompyuta ndogo iliyotundikwa nje ya ukuta, mahali ambapo kila mpita njia anaweza kuigusa. Mara nyingi hutoka kiwandani na jina na neno la siri ambalo ni moja kwa vifaa vyote vya aina yake, nalo limeandikwa katika kitabu cha maelezo ambacho yeyote anaweza kukisoma. Asiyelibadilisha amenunua kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa kila mtu. Dunia ililiona jambo hili mwaka 2016. Programu mbaya iliyoitwa Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, sitini na kitu tu, ikateka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuipiga kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani na Ulaya zikawa hazifikiki kwa saa nyingi. Tangu Januari 2020 jimbo la California linataka kila kifaa kiwe na neno lake la siri au kimlazimishe mtumiaji kuweka lake. Uingereza nayo imepiga marufuku neno moja kwa wote tangu 29 Aprili 2024. Sisi tunapokea vifaa vipya na vya zamani pamoja, kwa hiyo sheria za wenzetu hazitulindi moja kwa moja.

Neno la siri ni mwanzo tu. Kuna swichi ndogo inayotoa amri kwa kufuli la lango. Ikiwa iko ndani ya kisanduku cha nje, mwenye bisibisi anaweza kukifungua, kugusanisha nyaya mbili na kuingia. Dawa yake ni kuiweka swichi ndani ya nyumba, na kuwasha kengele ya kung'olewa, ile inayolia kisanduku kikiguswa vibaya. Kuna kadi za kufungulia: zile za zamani za kilohezi 125 hutamka namba yake kwa msomaji yeyote aliye karibu, na kuzinakili ni kazi ya dakika moja. Hata ulinzi wa kadi za Mifare Classic ulivunjwa na watafiti mwaka 2008. Kuna namba za kufungulia, ambazo kila mtu anapaswa kuwa na yake, ili anayeacha kazi afutiwe ya kwake bila kuwasumbua wengine. Kuna ruta, ambayo ikiachwa ijiamulie inaweza kukitoa kifaa nje kwenye intaneti bila mwenye nyumba kujua. Kuna programu ya ndani ya kifaa, inayopaswa kubadilishwa kila mtengenezaji anapotoa mpya. Na kuna kumbukumbu ya nani amefungua lango na saa ngapi.

Sasa tuulize: nani anafanya haya yote? Fundi anakuja, anajaribu picha, anajaribu lango, anapokea pesa zake, anaenda. Katika vifaa nilivyoviona mwenyewe, menyu ziko kwa Kiingereza, kwa Kichina, na mara nyingi kwa Kifaransa, Kiswahili sijakikuta. Mwenye nyumba anasoma Kifaransa vizuri, lakini baada ya siku ya kwanza harudi tena kwenye menyu. Wanaoishi na kifaa kutwa ni wengine: zamu kwenye lango, mama wa jikoni, mtoto mkubwa anayebaki na wadogo zake. Hao wameonyeshwa kwa kidole: bonyeza hapa, usiguse pale. Sababu hawakupewa.

Matokeo yake si vigumu kuyaona. Namba ya kufungulia inaandikwa kwa chokaa ndani ya kibanda cha zamu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba yeye na dereva wanaweza kuwa na namba mbili tofauti. Kadi inapotea na anayeipoteza ananyamaza siku tatu akiogopa kukatwa mshahara, kwa kuwa hajui kwamba kadi inaweza kufutwa mara moja bila gharama. Kioo cha ndani kinaonyesha onyo jekundu kwa Kiingereza; mama wa jikoni anabonyeza hadi linyamaze, na huenda onyo hilo lilikuwa la kisanduku kung'olewa. Hakuna hata mmoja wa watu hawa aliye mjinga au mwizi. Wanalinda kitu ambacho hakikuelezwa kwao.

Anayedai kwamba watu wa kawaida hawawezi kuelewa mambo haya aende sokoni. Mama anayeuza mboga anatuma na kupokea pesa kwa telefone, na anajua kwamba namba yake ya siri haipewi mtu, hata anayejiita wakala. Somo hilo la usalama alilipata kibandani, kwa lugha ya sokoni, kutoka kwa kijana aliyemwelezea mpaka akaelewa. Fikra haikuwa ngumu. Ilipitia mdomo unaojulikana.

Kwa watu wa Katanga jambo hili lina historia, nasi tunaisoma darasani. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, alichunguza misamiati na vitabu vidogo vya Kiswahili vilivyotumika Katanga, akaonyesha jinsi vilivyofungamana na utawala na usimamizi wa kazi. Kiswahili kilionekana kinatosha kumwambia mtu afungue, afunge, alete, aondoke. Kumweleza kwa nini lilikuwa jambo la lugha nyingine. Lakini waliopokea amri hizo walikuwa na maneno yao. Mwaka 1965 watumishi wa zamani wa nyumbani wa mji huu, ulipokuwa bado Élisabethville, waliandika historia ya mji kwa Kiswahili chao. Maandishi hayo, yaliyokusanywa na André Yav, yalitolewa na Fabian na wenzake mwaka 1990. Watu waliosimama milangoni walithibitisha kwamba wanaweza kueleza mji mzima. Miaka sitini baadaye tunawarudishia warithi wao kidole na amri: bonyeza hapa.

Najua pingamizi litakalokuja. Wengine watasema: zamu akielezwa kila kitu, ndipo hatari inapoanza, afadhali asijue. Jibu nalichukua kwa mwalimu wa lugha. Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi, alifundisha lugha Paris na alikuwa mwenezaji mkubwa wa Volapük, ile lugha ya kubuni. Mwaka 1883 aliandika makala juu ya maandishi ya siri ya kijeshi ambayo mafundi wa usalama wanayarejea mpaka leo. Alishika mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, mfumo mzuri hautegemei kufichwa kwake. Hata adui akiujua wote, kinachobaki siri ni ufunguo tu. La pili, ambalo husahauliwa, mfumo uwe rahisi kutumia, usimtwishe mtu mzigo wa kanuni nyingi kichwani. Kwa hiyo zamu hahitaji neno la siri la msimamizi. Hilo libaki kwa mwenye nyumba. Anachohitaji ni kujua kifaa kinafanya nini, kinavunjwaje, na amwite nani. Ulinzi unaotegemea mlinzi asijue anachokilinda utavunjwa na mgeni wa kwanza anayejua zaidi yake.

Pingamizi la pili ni la wenzetu wa kitivo: maneno hayapo. Hapa lazima tuwe wakweli. Maneno ya kubuni ofisini yana bahati mbalimbali. Mashariki walibishana miaka mingi kati ya ngamizi na tarakilishi, na watu wakaendelea kusema kompyuta. Nywila imeingia katika kamusi na katika telefone, lakini ukiitamka katika lupango la Lubumbashi utaulizwa ni kitu gani, wakati neno la siri au namba ya siri inaeleweka papo hapo. Tafsiri bila ufahamu ni mbaya zaidi. Ruta ina poti, yaani njia zenye namba ambazo habari hupitia. Mtafsiri anayefungua kamusi bila kujua kifaa ataandika bandari, na msomaji atatafuta meli. Anayejua kifaa ataandika mlango, na hapo maelezo yanakaa sawa: kifaa kinacholinda mlango wa nyumba kina milango yake, nayo pia inafungwa.

Mengine tayari tunayo, yanangoja kutumiwa. Neno la siri la mwanzo tuliite neno la kiwandani, na kila mtu ataelewa kwa nini libadilishwe. Kumbukumbu ya waliofungua lango ni daftari. Zamu wengi wanalo la karatasi, wanaandika jina la mgeni na saa aliyoingia. Akiambiwa kwamba kisanduku nacho kina daftari lake, atajua la kufanya siku madaftari mawili yanapopishana. Hapo ujuzi wake unakuwa sehemu ya ulinzi, na mashine peke yake isingempata mwongo.

Kuna jambo moja zaidi, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Kamera ya lango haimtazami mgeni peke yake. Inamtazama zamu kutwa nzima, anapokula, anaposinzia, anapoongea na mke wake aliyemletea chakula. Ibara ya 31 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha, na tangu Machi 2023 nchi ina Kanuni ya mambo ya kidijitali inayogusa pia habari za watu binafsi. Hatari si ya kubuni. Mwaka huo huo wa 2023 serikali ya Marekani iliishtaki Ring, kampuni ya kengele zenye kamera, kwa kuwaacha wafanyakazi wake kuangalia video za wateja, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Ikiwa wateja waliolipa waliangaliwa hivyo, mtu anayelipwa asimame mbele ya kamera analindwa na nani? Walau aambiwe, kwa lugha anayoisema, kwamba anarekodiwa, sauti pia au picha tu, video zinakaa siku ngapi, na nani anaziona. Kumwambia kwa karatasi ya Kifaransa anayoitia sahihi bila kuisoma hakutoshi.

Ibara ya kwanza ya Katiba hiyo inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na inaipa Serikali kazi ya kuziendeleza bila ubaguzi. Tunaikariri ibara hii katika kila mkutano. Nadhani lugha inaendelezwa zaidi pale ambapo bila yake mtu anapata hasara.

Kwa hiyo napendekeza kitu kidogo ambacho kitivo kinaweza kukifanya katika muhula mmoja. Tuandike karatasi moja, pande mbili, kwa Kiswahili kinachosemwa hapa. Upande wa kwanza ni wa mwenye nyumba na fundi: badilisha neno la kiwandani, tenga msimamizi na watumiaji, weka swichi ya kufuli ndani, funga milango ya ruta isiyohitajika, kila mtu na namba yake, weka programu mpya, soma daftari. Upande wa pili ni wa zamu na watu wa nyumbani: onyo jekundu maana yake nini, kadi ikipotea sema leo hii, itafutwa, usifungue kwa sababu mtu anajua jina la baba mwenye nyumba, kamera inarekodi nini juu yako. Kisha tuipeleke kwa mazamu kumi kabla ya kuipeleka kwa maprofesa kumi. Neno wanalolikwepa tulitoe, na neno wanaloliweka mahali pake tuliandike.

Wenzetu wa polytechnique wataweka nyaya, na wanazijua kuliko sisi. Kazi yetu sisi ni kuhakikisha kwamba anayeulizwa usiku, kisanduku kinapolia, anajua kinasema nini.