Mbegu ya Pamba Isihodhiwe

Mkulima wa mtama, akisha kuvuna, aweza kuchagua masuke bora na kuyahifadhi yawe mbegu ya mwakani. Mkulima wa pamba hana nafasi hiyo. Pamba anayoiuza huondoka na mbegu zake ndani, nazo hutenganishwa na nyuzi kiwandani. Hivyo kila msimu, kabla ya mvua za kupandia, wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hawana budi kumwendea yule aliye na mbegu. Kwa sababu hiyo, katika Mkoa wa Simiyu suala la nani ana haki juu ya mbegu ni suala la riziki.

Hatuipingi haki ya mgunduzi wa mbegu. Sheria ya mwaka 2012 humpa, kwa muda maalumu, mamlaka ya kuamua nani aizalishe na kuiuza aina mpya aliyoigundua. Mcheza kwao hutunzwa. Wataalamu wa Ukiriguru waliotupatia UK91, na baadaye UKM08, walifanya kazi ya miaka mingi, na utafiti usiotunzwa hufa.

Lakini kutunzwa ni jambo moja, na kuhodhi soko ni jambo jingine. Haki ya mgunduzi ni ngao dhidi ya mwigaji. Si fimbo ya kumchapia mkulima. Mwenye leseni ya mbegu akimwambia mkulima kwamba hapati mbegu mpaka anunue na dawa yake, au mpaka aahidi kumwuzia yeye peke yake pamba yote, haitumii tena haki ya ugunduzi. Anatumia nguvu ya soko. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza nguvu ya namna hiyo kutumiwa kuua ushindani, na Tume ya Ushindani iliundwa kuisimamia sheria hiyo.

Jambo hili si geni duniani. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Serikali ya Ufaransa ilipata kumpa mfanyabiashara mmoja wa Ujerumani Magharibi haki ya pekee ya kuuza mbegu zake za mahindi nchini humo. Mwaka 1982 Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba kumpa leseni mtu mmoja si kosa kwa peke yake. Kosa ni kujenga ukuta unaomzuia kila mtu mwingine kuingiza mbegu ileile aliyoinunua kwa halali kwingineko.

Funzo hilo latufaa. Mbegu iliyogunduliwa kwa fedha za umma isikabidhiwe kampuni moja kwa mkataba wa siri. Mikataba ya leseni na iwekwe wazi, masharti yake yapitiwe na Tume ya Ushindani kabla ya kutiwa saini, na kila mzalishaji mwenye sifa apewe nafasi. Nao viongozi wa vyama vya ushirika wasisubiri msimu upite. Wakiona mbegu imefungamanishwa na dawa au na ununuzi wa pamba, waipelekee Tume malalamiko pamoja na ushahidi.

Mvua haimngoji hakimu. Mbegu iliyochelewa wiki chache ni mavuno yaliyopotea, na hukumu ya mwakani haiwezi kuyarudisha.