Sauti ya kubana koo haifiki Ijumaa!

Juzi saa nne usiku mama yangu aligonga mlango wa chumba changu, mkali kama pilipili. "Wewe! Mtoto wa nani huyo uliyemfungia humo ndani?"

Nikafungua. Nilikuwa peke yangu na karatasi zangu za mchezo. Mtoto mwenyewe alikuwa mimi.

Ndiyo kibarua changu kingine, ukiacha safu hii. Naingiza sauti kwenye michezo ya redio na katuni. Wengi mnadhani ni kazi ya mzaha, eti ukijua kumwigiza konda wa daladala basi umemaliza. Jamani, hata mimi nilidhani hivyo, na yaliyonikuta sitayasahau.

Miaka mitatu iliyopita niliitwa studio moja (jina kapuni). Walitaka sauti ya mtoto wa kiume wa miaka kumi kwa mchezo wa vipindi sita. Kwenye majaribio nikabana koo, nikapandisha sauti, nikaongea dakika moja. Wakapiga makofi! Nikapewa malipo ya awali, nikampa mama yote apunguze deni la kodi ya nyumba, na nyingine nikamuahidi.

Jumatatu mambo supa. Jumatano koo likaanza kuwasha. Ijumaa ndipo kasheshe ilipoanza. Fundi mitambo aliweka sauti ya Jumatatu, akaweka na ya Ijumaa, akaniuliza, "Dada, huyu mtoto ameoa lini?" Wote wakaangua kicheko. Mimi machozi. Nafasi akapewa mwingine, malipo yaliyobaki sikuyaona, na nikakaa siku tatu naongea kwa ishara. Mwenye nyumba hakujali ishara.

Aliyeniokoa ni mama mmoja, mkongwe wa michezo ya redio, tuliyekutana kituo cha basi. Nikamuamkia, nikamweleza yote. Akasema, "Mwanangu, wewe hukutengeneza mtoto. Ulitengeneza koo."

Haya ndiyo aliyonifundisha, na wewe mwenye ndoto hii shika kalamu.

Kwanza, mjue mtu kabla ya sauti. Anasimamaje? Anapumuaje? Anataka nini? Nikamchunguza mdogo wangu wa kiume, wakati ule ana miaka 11. Anasimama kwa mguu mmoja, ana haraka, pumzi inamwishia katikati ya maneno, na kila habari yake inaishia kwenye kuomba kitu. Nikasimama kama yeye. Sauti ikaja yenyewe, imepanda kidogo tu, na koo halikuuma!

Pili, uwe na sentensi ya kuingilia. Yangu ni "Dada, nipe hela ya lambalamba!" Naisema kabla maiki haijawashwa, na kila nikihisi mtoto anaponyoka.

Tatu, rekodi sauti ya siku ya kwanza kwenye simu yako, uisikilize kila siku kabla ya kuanza. Studio hawarekodi kwa mpangilio wa hadithi. Leo unalia msibani, kesho unarekodi asubuhi ya siku hiyohiyo, na msikilizaji anataka mtoto yuleyule.

Nne, mchekeshe, mkasirishe, mkohoze, mpe chakula mdomoni. Ukicheka ikatoka sauti yako wewe, bado hujampata.

Tano, makelele yaache yawe ya mwisho. Maji yawe karibu. Ukisikia maumivu simama, koo halina spea.

Usidhani ni mambo ya watoto. Katuni ya Kimarekani ya The Simpsons ina mtoto mtundu anaitwa Bart, ana miaka kumi. Anayemuongelea ni mwanamke, Nancy Cartwright, na kaanza mwaka 1987! Mtoto hakui, mama wa watu anakua, sauti ni ileile. Hapa kwetu, Radio Tanzania ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, dereva wa lori Mkwaju alikuwa sauti tu, lakini watu walimjua kama wanavyomjua jirani. Na mwaka 2016 StarTimes waliendesha shindano la kuingiza sauti za Kiswahili hapa Dar, washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Kwa hiyo ulaji upo, lakini wanataka mtu wa kufika Ijumaa.

Mimi nilijaribu tena, studio nyingine. Sasa nina mtoto wangu kwenye mchezo mmoja, tumefika kipindi cha 20 na hajaoa. Kodi inalipwa.

Turudi usiku ule. Kelele za mama zilimwamsha mdogo wangu. Ana miaka 14 sasa, sauti imevunjika, akisema "shikamoo" unadhani ni baba mwenye nyumba. Nikawawekea rekodi yangu ya siku ya kwanza. Mama akatega sikio, akamtazama kijana wake kuanzia kichwani mpaka miguuni, akacheka. Yeye hakucheka.

"Dada," akauliza kwa lile besi lake jipya, "huyo si mimi?"

Nikamjibu ndiye. Akaniomba nimrudishie tena tangu mwanzo.

Haya wapenzi, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.